Kabaila Mwenye Madeni na Binti wa Ukutani: Mali na Haya katika Riwaya Moja ya Georgette Heyer

Katika riwaya za mapenzi za Kiingereza zinazosimulia mambo ya kale, ipo njama ambayo imerudiwa na waandishi wengi hata msomaji huitambua katika kurasa za mwanzo. Kijana wa ukoo wa kikabaila anarithi cheo, jumba na mashamba, na pamoja navyo anarithi madeni ya baba aliyependa anasa. Upande wa pili yupo msichana mwenye soni, ambaye katika karamu za dansi hukaa juu ya viti vilivyopangwa kandokando ya ukumbi akingoja kuombwa kucheza, wala haombwi. Waingereza humpa msichana wa namna hiyo jina la ua liotalo katika nyufa za kuta. Wawili hawa hukutanishwa na fedha, kisha hadithi hutafuta njia ya kuwapatanisha kwa mapenzi.

Kuisimulia njama hiyo kwa Kiswahili si kazi ngumu. Ugumu umo katika kuielewa, kwa kuwa yapo maneno mawili yanayoweza kumpotosha msomaji wa Afrika Mashariki: mahari na haya.

Tuanze na mahari. Katika sheria ya Kiislamu mahari hutolewa na mume, na ni haki ya mke mwenyewe. Katika jamii nyingi za bara, mali hutoka kwa upande wa mume na kwenda kwa wazazi wa bibi arusi. Namna zote mbili zinaafikiana katika jambo moja, yaani mwanamume ndiye atoaye. Miongoni mwa matajiri wa Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Baba wa bibi arusi ndiye aliyetoa, na mume akapokea. Msichana aliyekuwa na mali nyingi ya kuingia nayo katika ndoa aliwindwa hata akiwa hana sura. Aliyekosa vyote viwili alikaa ukutani.

Tena mali hiyo ilipokwisha kuingia haikuwa yake. Sheria ya mapokeo ya Uingereza ilimhesabu mke na mumewe kuwa nafsi moja, na nafsi hiyo ilikuwa ya mume. Fedha za mke na vyombo vyake vilikuwa mali ya mume, na ardhi yake ikasimamiwa na mume. Matajiri walijikinga kwa hati ya ndoa iliyoweka sehemu ya mali mikononi mwa wadhamini, lakini kinga hiyo iligharimu fedha na mawakili. Sheria ya mwaka 1870 ililegeza kamba kidogo. Ile ya mwaka 1882 ndiyo iliyompa mke haki kamili ya kumiliki mali kwa jina lake. Yafaa ikumbukwe kwamba kabla ya hapo mke wa Kiislamu wa Lamu au Mombasa alikuwa, kwa mujibu wa sheria, na milki ambayo binti wa mfanya biashara wa London hakuwa nayo.

Msomaji atauliza kwa nini kabaila asiuze mashamba akalipa madeni. Mara nyingi hakuweza. Mashamba makubwa yalifungwa kwa hati zilizomfanya kila mrithi awe mtumiaji wa maisha yake tu, naye hakuruhusiwa kuyauza. Juu ya mashamba hayohayo ilipakiwa mizigo mingine: posho ya mama mjane, mali za kuwaoza dada, na riba ya rehani. Mtu aliweza kuitwa lodi, asiweze hata kushikwa kwa deni la kiraia kwa sababu ya cheo chake, na bado asiwe na shilingi isiyodaiwa.

Georgette Heyer (1902–1974), ambaye aliipa njama za aina hii umbo lililoigwa na wengi, aliijaribu kwa ukali zaidi katika A Civil Contract, riwaya iliyotoka mwaka 1961. Jina lenyewe lataja mkataba. Adam Deveril, askari katika jeshi la Wellington, arudi nyumbani baada ya kifo cha baba yake na kukuta kwamba yeye sasa ni Viscount Lynton, na kwamba Fontley, makao ya ukoo wake, yamezama katika madeni. Yeye yuko tayari kuuza. Lakini ana mama na dada wawili, na moyo wake uko kwa Julia Oversley, msichana mzuri ajabu ambaye kwa hali hii hawezi kumwoa. Baba wa Julia mwenyewe ndiye amwoneshaye njia nyingine: Jenny, binti pekee wa Jonathan Chawleigh, mfanya biashara tajiri kupindukia wa City ya London, ambaye hamu yake kubwa ni kumwona mwanawe akiitwa bibi wa cheo.

Hapa ndipo neno la pili linapohitaji uangalifu. Katika fasihi ya Kiswahili haya ni pambo la mwanamwali. Aliyetawa hupandishwa hadhi na kutoonekana kwake. Katika kumbi za London za miaka ya 1811 hadi 1820, wakati Mwana wa Mfalme George alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, msichana aliletwa mjini ili aonekane. Haya iliyomfunga ulimi ilikuwa hasara, kama bidhaa isiyotolewa sandukuni. Jenny ni mfupi, mnene kidogo, hana uzuri wa kutajwa, na huiva uso kwa wepesi. Amesoma shule moja na Julia, na tangu zamani anampenda Adam bila mtu kujua. Anakubali kuolewa akijua anakochukuliwa na kwa nini. Uzito wa kitabu umo katika ujuzi huo. Adam anadhani kwamba wote wawili wameingia katika biashara safi. Jenny peke yake ndiye ajuaye kwamba upande mmoja wa mkataba ulikuwa na moyo ndani yake, naye hathubutu kusema, maana kusema kungekuwa kumdai mtu aliyekwisha kulemewa na madeni.

Kwa hiyo ukimya wake unafanya kazi. Julia hudhihirisha kila hisia mbele za watu, Jenny hutazama. Anajifunza chakula akipendacho mumewe, saa azitakazo za upweke, na mambo ya kilimo ambacho Adam ameanza kukitamani ili kuifufua Fontley. Wakati huohuo Chawleigh, kwa ukarimu usiojua mpaka, anaijaza nyumba yao ya London samani za fahari kupita kiasi. Kila zawadi inamkumbusha mkwewe kwamba amenunuliwa. Heyer amemchora mzee huyu kwa mzaha na mapenzi, ingawa mzaha wenyewe una harufu ya tabaka: kabaila hukosea kwa adabu, mfanya biashara hukosea kwa kelele. Kuhusu wale ambao jasho lao lilijaza hazina za City, riwaya za aina hii huwa kimya.

Mwezi Juni 1815 uvumi wafika London kwamba Wellington ameshindwa na Napoleon. Hati za mkopo wa serikali zashuka bei. Chawleigh, mjuzi wa soko, amsihi Adam auze upesi. Adam hauzi, bali anunua kwa kila senti awezayo kuipata, kwa kuwa amepigana chini ya Wellington na haamini. Habari za ushindi wa Waterloo zinapofika, amekwisha kuwa mtu mwenye fedha zake mwenyewe.

Mwandishi dhaifu angemaliza hapo. Kwa Heyer swali lenyewe ndipo linapoanza: ikiwa deni limekwisha, ni nini kinachoishikilia ndoa hii? Julia amekwisha kuolewa na mtu mwingine. Adam anatambua kwamba asingeweza kustarehe naye, na kwamba nyumba yake, meza yake na mwanawe aliyezaliwa vimejengwa na mwanamke ambaye hakumtaka. Anampenda Jenny, lakini si kwa moto aliompendea Julia. Jenny alijua jambo hilo tangu mwanzo, na analipokea. Msomaji anayengoja miali ya mapenzi katika ukurasa wa mwisho atavunjika moyo. Hata hivyo ndivyo riwaya hii ilivyoheshimu hesabu zake yenyewe: haikudai kwamba moyo hulipwa sawasawa na ulichotoa.

Mfasiri atakayeijaribu kazi hii kwa Kiswahili itambidi aamue mapema. Akiandika "mahari" pale Chawleigh anapoitoa mali yake, msomaji atadhani Adam ndiye anunuaye, na aibu yote inayomsumbua katika nyumba ile ya fahari itakosa maana. Afadhali aandike "mali aliyoingia nayo mke", ijapokuwa ni maneno marefu na hayana utamu wa neno moja.