Motokari Ndogo na Urafiki wa Kwenye Kona

Mulisikia makelele Jumamosi nyuma ya jikoni, na wengine mukauliza: “Watu wakubwa vile, na vigari vya watoto?” Ndiyo, watu wakubwa vile. Sisi wa darasa la mwisho tumeona vema kueleza mchezo huu ni nini, unavyofanyika, na kwa nini hatutauacha mbele ya mtihani wa Serikali (ingawa tutaupunguza, walimu wasiogope).

Tuanze mbali kidogo. Huko Ulaya mashindano ya motokari ndogo yako na umeme. Mwaka wa 1952 Mwingereza Fred Francis alianza kuuza vigari vya springi vilivyoitwa Scalex. Mwaka wa 1957 akavitia mota ya umeme, na mchezo ukaitwa Scalextric. Njia yake iko na mfereji mwembamba, na kando ya mfereji, huku na huku, kuna utepe wa chuma unaopitisha umeme. Chini ya motokari kuna kijiti kinachoingia ndani ya mfereji, pamoja na vifungu viwili vya nyaya laini vinavyogusa zile tepe. Mchezaji anashika kifaa mkononi: akikaza kidole, umeme unaongezeka na motokari inakimbia, akilegeza, inapunguza mwendo. Hakuna usukani. Akili yote iko katika kujua wakati wa kulegeza. Kipimo kinachojulikana sana ni moja kwa 32, maana yake motokari ya kweli ya metre 4 na sentimeta 16 inakuwa ya sentimeta 13.

Mchezaji mwenye haraka anaumbuka kwenye kona. Wale wa fizikia munajua sababu: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa kuizungusha motokari katika kona ileile inakuwa mara nne. Kijiti kinachomoka, motokari inaruka nje, inalala miguu juu. Nani ataiinua? Hapo ndipo tulipopenda desturi ya vilabu vya wenzetu. Wale ambao si zamu yao kukimbia wanapangwa kwenye kona, na kazi yao ni kurudisha njiani motokari iliyoanguka, ya nani ile ya nani, haraka iwezekanavyo. Kwa hiyo mutu anainua motokari ya yule ambaye dakika kumi zijazo atashindana naye. Akichelewesha kwa makusudi, wote wanamuona, na zamu yake itafika.

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuna mfereji wala tepe za umeme. Tuko na milima. Anayejua Butembo anajua kwamba hapa mutu haendi mahali bila kupanda au kushuka, na mteremko ni mota isiyodai mafuta. Beni ni tambarare zaidi, ndiyo maana wenzetu wa Beni ni mabingwa wa motokari ya waya, ile ya kuendeshwa kwa usukani mrefu huku ukitembea nyuma yake, na sisi wa Butembo tunajisifu kwa ile ya kuachiliwa kwenye mteremko. Ubishi huu haujaisha, na tunaomba usiishe.

Vitu vya kutengenezea vinajulikana. Mwili ni waya, au mukebe wa sardini, au mabua makavu. Ekseli ni spoku ya kinga iliyokufa. Magurudumu mazuri yanakatwa katika kambambili za zamani, kwa sababu ule mpira ni mwepesi na unashika chini. Wengi wanafikiri gurudumu kubwa na zito ndilo linashinda. Hapana. Mteremko unatoa nguvu ya kipimo fulani tu. Sehemu yake inasukuma motokari mbele, na sehemu inatumika kuzungusha magurudumu yenyewe. Magurudumu yakiwa mazito, nguvu nyingi inaliwa humo. Uzito uweke katika mwili, chini kabisa, kijiwe kimoja kilichofungwa katikati, ndipo haitapinduka. Kwenye ekseli paka sabuni kavu au mawese kidogo. Mawese mengi yanakamata vumbi, na vumbi ni breki.

Tusisahau kaka mkubwa wa hizi zote, chukudu, ile kinga ya miti inayobeba magunia katika jimbo letu. Tangu mwaka wa 2009 iko na sanamu yake ya rangi ya dhahabu mjini Goma. Wanaounda chukudu wako na miti, mpira wa tairi kuukuu na mteremko, sawasawa na sisi.

Juu ya kukusanya, tuseme wazi: huko mbali kuna watu wanaoweka motokari ndani ya boksi lake bila kulifungua, kwa sababu boksi zima linaongeza bei. Sisi hatuelewi sana furaha hiyo. Mkusanyo wetu uko katika katoni la sabuni, na motokari inaingia humo kwa njia ya kubadilishana. Ukinipa Fuso yako ya waya, nitakupa basi langu la mukebe, na tangu siku ile basi linaitwa kwa jina la aliyelitengeneza. Ukitazama katoni ya mutu unaona marafiki zake.

Hili si jambo dogo katika miji yetu. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020, wengi wetu tulikuwa shule ya msingi. Hatukuruhusiwa kupeana mikono. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji yenye dawa. Lakini motokari ya waya iko na usukani mrefu, na watoto wawili waliweza kushindana kila mmoja upande wake wa njia. Tena, tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamefukuza watu wengi makwao, na wengine wamefika hapa na kuingia madarasa yetu bila kujua mutu.

Mwenzetu mmoja alifika hivyo, katikati ya mwaka. Majuma mawili hakusema neno ila “ndiyo” na “hapana”. Halafu akaunda Fuso ya waya yenye milango inayofunguka, na Ijumaa hakuna aliyekosa kumjua. Ndipo akatuambia kwamba aliacha nyumbani motokari 11 chini ya kitanda. Hatukuwa na maneno mazuri ya kumwambia. Kila mmoja alitoa moja katika katoni yake akampa. Alizipokea zote isipokuwa moja, aliirudisha na kusema, “Hii magurudumu yake hayalingani, ukaitengeneze kwanza.” Tulicheka mpaka mlinzi akaja.

Mashindano ni Jumamosi saa nane, baada ya usafi. Wasichana wako watatu katika kundi, na fundi wetu mkuu wa magurudumu ni mmoja wao. Mwenye kambambili zilizokatika asizitupe, azilete kwa kapita wa darasa lake, hata kama ni ya mguu mmoja. Na tunatafuta watu wawili wa kusimama kona ya pili, karibu na muti wa avoka, kwa sababu pale ndipo zinaanguka nyingi.