Klimu ya gari ikipuliza joto: madereva wa Masisi na Walikale hawahitaji gesi kila mara

Juu ya milima ya Masisi, ambako malisho ya ng'ombe hupita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dereva anaweza kumaliza wiki nzima bila kuwasha kiyoyozi. Upepo wa dirishani unamtosha. Akiteremka kuelekea misitu ya Walikale, chini ya mita 1,000, kwenye joto na unyevu, ndipo anabonyeza kitufe na kukuta hewa inayotoka ni ya moto.

Wengi hukata shauri papo hapo: gesi imekwisha, ijazwe. Kwa magari ya barabara ya Sake, Masisi hadi Walikale, shauri hilo mara nyingi ni pesa iliyotupwa. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama mafuta. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikibeba joto kutoka ndani ya gari na kulitoa nje. Ikipungua sana, kuna mahali inavuja, na isipozibwa hapo itatoka tena.

Hasara hiyo inauma zaidi sasa. Tangu kundi la M23 lilipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji huo zilifungwa na pesa taslimu zikawa ngumu kupatikana. Kulipia kazi ileile mara mbili ni mzigo kwa mwenye gari la abiria, na pia kwa gari linalobeba wagonjwa.

Tena klimu, kama wengi wanavyoiita Kivu, si anasa tu. Hewa ikipita kwenye sehemu yake ya baridi huacha maji yake hapo, hivyo huingia ndani ikiwa kavu na kusafisha kioo cha mbele. Kwenye kona za Masisi wakati wa mvua na ukungu, kioo kilichofifia kinaweza kulipeleka gari bondeni.

Pa kuanzia

Hatua ya kwanza haihitaji kifaa. Injini ikiwaka na klimu ikiwa imewashwa, fundi huangalia kompresa. Kwenye zile zenye klachi, sahani ya mbele inapaswa kunasa kwa mlio mdogo na kuzunguka pamoja na puli. Isiponasa, hukaguliwa fyuzi, rilei, nyaya na klachi yenyewe.

Kuna pia swichi inayozima kompresa gesi ikipungua mno. Iko hapo kuilinda, kwa sababu oili ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Kuiruka swichi hiyo kwa kipande cha waya kunaweza kuiunguza kompresa, na kuibadilisha ni ghali kuliko kuziba tundu.

Kama kompresa inazunguka, swali linalofuata ni hili: hewa huwa baridi gari likikimbia, kisha ya moto likisimama au likitambaa kwenye tope? Hapo anayeshukiwa kwanza ni feni, au kondensa, ile rejeta ya klimu iliyo mbele ya rejeta ya injini. Kondensa hutoa joto kwa msaada wa upepo. Gari linalokwama kila baada ya mita chache halipati upepo wa mwendo, na tope lililokauka kwenye mapezi yake huziba njia. Kuiosha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, bila kukunja mapezi, wakati mwingine ndiyo matengenezo yote yanayohitajika.

Jambo jingine husahaulika. Aliyewasha hita kwenye baridi ya Masisi huenda ameacha njia ya maji ya moto wazi. Kwenye Land Cruiser za zamani, bomba hilo hufungwa kwa valvu inayovutwa na kebo. Kebo ikikwama, klimu inapoza na hita inapasha kwa wakati mmoja, na hita hushinda.

Tundu kwanza, gesi baadaye

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo geji hufungwa kupima shinikizo. Likiwa chini, uvujaji hutafutwa kwanza kwenye viungio vilivyolegezwa na mtikisiko wa barabara, na kwenye kondensa, inayopigwa na mawe. Alama ya mafuta yenye vumbi huonyesha mahali gesi inapotokea, na povu la sabuni huthibitisha. Bomba halichomelewi likiwa na gesi ndani, kwa kuwa gesi hiyo ikiungua hutoa moshi wa sumu.

Baada ya kuziba, hewa yote hunyonywa kwa pampu, kwa kawaida kama nusu saa, ili unyevu usibaki ndani na kuozesha vyuma. Kisha gesi hupimwa kwa mizani kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Kwa magari mengi madogo ni kati ya gramu 500 na 900. Ikizidi, klimu hushindwa kupoza vilevile. Gesi ya kupikia haifai kabisa: inawaka, na ikivuja inaweza kuingia walipo abiria.

Uvujaji hauishii mfukoni. Gesi ya R134a, inayotumika kwenye magari mengi yaliyopo barabarani, huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Oktoba 2016, nchi za dunia zilikubaliana mjini Kigali, ng'ambo ya mpaka, kupunguza matumizi ya gesi za aina hiyo.

Kwa mwenye gari anayejiandaa kuteremka Walikale, swali moja kwa fundi linatosha kabla ya kulipa: tundu lilikuwa wapi? Asiyeweza kulionyesha amejaza gesi tu, na huenda joto likarudi kabla ya gari kufika.