Chanjo Zinazoachwa Njiani

Nchini Tanzania ratiba ya chanjo za kawaida humtaka mtoto afikishwe kliniki mara kadhaa kabla hajatimiza miaka miwili. Akizaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huchomwa sindano inayokinga magonjwa matano, yakiwemo pepopunda, dondakoo na kifaduro. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18.

Duniani, mwaka 2023, watoto wapatao milioni 14.5 hawakupata hata dozi ya kwanza ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Wengine huanza vizuri, kisha huachia njiani. Baada ya wiki ya 14 mtoto huonekana mzima, na mama amekwisha kurudi shambani au sokoni. Ifikapo miezi 18 mtoto anatembea, na pengine mama ana ujauzito mwingine. Dozi ya pili ya surua ndiyo rahisi kusahaulika, ingawa ile ya miezi 9 hukinga takriban watoto 85 tu kati ya 100.

Lawama hupenda kumwangukia mzazi, lakini mara nyingi kikwazo kimo ndani ya zahanati yenyewe. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, na kwa kawaida kichupa kimoja kina dozi 10. Cha kifua kikuu kina 20. Kikishachanganywa na maji yake, hutumika ndani ya saa 6, na kinachobaki hutupwa. Akija mtoto mmoja, muuguzi huogopa kumwaga dozi 9, hivyo humwambia mama arudi siku watoto watakapokuwa wengi. Aliyetembea saa mbili huku amebeba mtoto huenda asirudi tena. Shirika la Afya Duniani hushauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na ni ushauri wa haki: dozi zinazotupwa huagizwa nyingine, lakini surua haimsubiri mtoto.

Wapo pia wanaorudishwa kwa sababu ya mafua au homa ndogo, ambazo si kizuizi cha chanjo. Mama aliyepoteza kadi huogopa kufokewa. Asiyeelezwa mapema kwamba mtoto anaweza kupata homa baada ya sindano, akiiona hudhani mwanawe amedhurika. Kwa wafugaji wanaohamahama, tegemeo ni huduma ya mkoba, yaani wauguzi kuwafuata huko waliko, nayo husimama gari likikosa mafuta au mvua ikikata barabara.

Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Muuguzi huangalia dozi alizokwisha kupata, akaendelea na inayofuata.