Gusii hatukuwa na wafalme, lakini tuna majina

Kaunti za Ufaransa ya kale zilikuwa mali ya familia: baba akifa, mwana anarithi ardhi, askari na kodi. Sasa njoo nasi hapa Manga, mpakani mwa Kisii na Nyamira.

Kwetu Gusii kila ukoo uliongozwa na wazee wake. Ni Kitutu tu iliyokuwa na omogambi, cheo kilichokaa katika familia moja. Bogonko ndiye aliyevuma zaidi, karne ya 19.

Kisha Mwingereza akafungua kituo Kisii mwaka wa 1907, akaweka machifu. Baadaye Musa Nyandusi akawa chifu wa Nyaribari. Mwanawe, Simeon Nyachae, akawa mkuu wa mkoa, Waziri wa Fedha, na mwaniaji urais 2002. Jina likageuka cheo.

Lakini 2007 wapigakura wa Nyaribari Chache walimnyima kiti. Hicho Mfaransa wa enzi hizo hakuwa nacho: kura.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukiulizwa "wewe ni mtoto wa nani?" usinywee. Na mwaniaji akianza na jina la babake, muulize: wewe mwenyewe umefanya nini?