Hajibu, au Hajitambui?

Mtu aliyeumia kichwa akilala kimya wodini, ndugu zake huambiana kwamba hajitambui. Neno hilo linadai mengi kuliko kipimo kilichotumika. GCS, kipimo cha ufahamu kilichobuniwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett huko Glasgow mwaka 1974, hutoa alama hadi 4 kwa macho, 5 kwa maneno na 6 kwa viungo. Muuguzi huita jina: kimya. Hubana ukucha kwa kalamu. Mkono ukijivuta tu kukwepa maumivu, viungo vimepata 4. Jumla haishuki chini ya 3 (hata maiti angepata 3), na kuanzia 8 kwenda chini kwa kawaida huhesabiwa kuwa koma. Kwa kumwonyesha daktari wa zamu ya usiku kwamba mgonjwa amezidiwa tangu mchana, kipimo hiki kinafaa sana. Ila kila alama hapo ni alama ya jibu. Anayesikia yote lakini hawezi kujibu anaweza kupewa namba ileile anayopewa asiyesikia lolote.

Kwamba watu wa namna hiyo wapo, tunajua tangu 2006, mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walipoeleza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari. Miezi mitano baadaye alikuwa akifumbua macho, lakini hatii amri yoyote. Akiwa ndani ya mashine ya MRI aliambiwa awaze anacheza tenisi, kisha anazunguka vyumba vya nyumba yake, na ubongo wake ukafanya kazi palepale unapofanya kwa watu wazima wenye afya. Wapo waliopinga: pengine neno "tenisi" liliushtua ubongo wenyewe tu, kama goti linavyoruka likigongwa. Lakini mshtuko wa neno hupita mara moja. Kazi hii ya ubongo wake ilidumu nusu dakika, hadi alipoambiwa apumzike. Mwaka 2010 mgonjwa mwingine alitumia mawazo hayohayo kusema ndiyo na hapana, akajibu sawasawa maswali 5 kati ya 6. Si wote walio hivyo, wala si wengi: katika utafiti huo wa 2010 waliofaulu kuwaza kwa amri walikuwa 5 kati ya 54. Utafiti mkubwa zaidi wa 2024 ulipata 60 kati ya wagonjwa 241 wasioitikia.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. MRI ni adimu, na mgonjwa wa mashine ya kupumulia habebwi ovyo. Sawa, lakini makosa mengi hufanyika kabla ya kuifikia mashine. Mwaka 2009 watafiti wa Ubelgiji waliwapima upya, kwa utaratibu makini zaidi, wagonjwa 44 ambao madaktari walikubaliana kuwa hawana ufahamu; 18 walionyesha dalili zake. Kifaa kimojawapo cha upimaji huo ni kioo cha kujitazamia: kikipitishwa polepole usoni, macho yaliyokataa kufuata kidole wakati mwingine huifuata sura ya mwenyewe. Na ufahamu hupanda na kushuka, kwa hiyo wataalamu hushauri upimaji usiopungua mara tano ndani ya wiki mbili. Faili linaloandika "hajibu, saa 4 asubuhi, alipewa dawa ya usingizi saa 2" linamwachia anayefuata sababu ya kurudi na kioo jioni.