Mironjo ya Springi

Leo tutazungumza juu ya mchezo wa kuruka kwa mironjo.

Mironjo ni miti mirefu ya kutembelea. Wamakonde huichezea ngoma. Lakini hii ya leo si miti. Mjerumani Alexander Böck aliitia springi.

Mtu wa Tunduma ataelewa upesi. Tazama malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Lori likipakiwa mzigo, springi zake hulala. Mzigo ukishushwa, huinuka. Na hapa ni vivyo hivyo: ukitua, uzito wako huikunja springi, ikinyooka, hukurusha juu. Springi haina nguvu yake yenyewe. Hurudisha ile uliyoipa wewe.

Basi springi huchaguliwa kwa kilo za mtu. Mwepesi akivaa ya mzito, haikunjiki. Mzito akivaa ya mwepesi, yaweza kuvunjika anapotua, na hapo ni hatari.

Tena kikanyagio chake ni kidogo. Husimami tuli, ni kama baiskeli. Anayejifunza ashikwe na watu wawili, avae kofia ngumu na vikinga vya magoti.

Sasa andikeni jibu: kwa nini mtu wa kilo 90 asiazime mironjo ya mtu wa kilo 50?