MELI YA WAZAMIAJI NA WENYE MWAMBA
Somo la pango kutoka visiwa vya Raja Ampat

Utangulizi

Katika madarasa ya elimu ya siasa, swali moja hurudi mara kwa mara: yawezekanaje mtu apate faida kutokana na kitu ambacho hakukitengeneza, hakukinunua, wala hakiondoi mahali kilipo? Tukitaja shamba la kabaila, washiriki huelewa upesi, kwani kila mtu anajua kwamba mkulima humlipa kabaila sehemu ya mavuno ingawa kabaila hakuiumba ardhi. Lakini tukitaja bahari, wengi husita. Bahari haina ukuta wala hati, na samaki hawana alama ya mwenyewe.

Kwa sababu hiyo tumechagua mfano wa baharini: safari za wazamiaji wanaolala, wanaokula na wanaozamia kutoka katika meli moja kwa muda wa siku saba hadi kumi na nne, wakizunguka visiwa vya mbali vya matumbawe. Mahali petu pa uchambuzi ni Raja Ampat, nchini Indonesia, upande wa magharibi wa Papua.

1. Mahali penyewe

Raja Ampat maana yake ni Wafalme Wanne. Visiwa vikubwa ni vinne: Waigeo, Batanta, Salawati na Misool. Kando yake viko visiwa vidogo zaidi ya 1,500, vilivyotawanyika katika eneo la nchi kavu na bahari lipatalo kilometa za mraba 40,000. Wataalamu wameorodhesha hapo zaidi ya aina 500 za matumbawe magumu, yaani kiasi cha robo tatu ya aina zote zinazojulikana duniani. Mwaka 2012 mtaalamu wa samaki Gerald Allen alihesabu aina 374 za samaki katika mzamio mmoja tu, penye rasi ya kisiwa cha Kri.

Utajiri huo haukujengwa na kampuni yoyote. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi kwa ushirika na mwani ulio ndani ya mwili wake; mwani hupata makao, naye hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwake. Wanyama hao hujenga mifupa ya chokaa, kizazi juu ya kizazi. Tumbawe la mviringo huongezeka kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwaka. Basi mwamba wenye kimo cha nyumba ni kazi ya karne nyingi.

2. Chombo na kazi iliyomo

Kwa nini meli, na si hoteli? Jibu linatokana na hali halisi ya mahali. Kutoka miamba ya Misool kusini hadi visiwa vya Wayag kaskazini ni mwendo mrefu, na sehemu kubwa ya njia haina umeme wa gridi, haina duka la vifaa wala bandari kubwa. Kwa hiyo mwenye mtaji ameichukua hoteli yote akaiweka juu ya maji. Meli hung'oa nanga Sorong, husafiri usiku wageni wakiwa wamelala, na asubuhi huwa imekwisha fika penye mwamba mwingine.

Moyo wa meli ni kompresa ya kujaza mitungi ya hewa. Mgeni huzamia mara tatu au nne kwa siku, akishushwa kwa mashua za mpira. Kila meta kumi za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Katika kina cha meta 20 mwili hubanwa mara tatu ya kawaida, na naitrojeni huingia katika damu na nyama. Akipanda haraka, hewa hiyo hutoka kama mapovu na yaweza kumlemaza au kumwua. Ndiyo maana mzamiaji hupanda polepole, husimama dakika tatu karibu na kina cha meta tano, na baada ya mizamio ya siku nyingi hapandi ndege kabla ya saa 18 angalau kupita. Siku ya mwisho ya safari, basi, huwa haina mzamio.

Nyingi ya meli hizo ni za mbao, za aina iitwayo pinisi. Huundwa ufukweni na mafundi wa Sulawesi Kusini, hasa wilaya ya Bulukumba, ambao hurithishana ufundi kwa mikono na macho. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Mgeni huona tanga zuri. Mwanafunzi wa siasa hana budi kuona jasho la seremala, la mpishi, la fundi wa kompresa na la kijana anayeshika usukani wa mashua ya mpira penye mkondo mkali.

3. Pango ni nini hapa?

Sasa tupige hesabu. Bei ya safari inalipa mbao na injini, mafuta na chakula, mishahara, na faida ya mwenye meli. Lakini meli ile ile, yenye mabaharia wale wale na chakula kile kile, ikipelekwa penye bahari tupu isiyo na matumbawe, hakuna atakayelipa bei hiyo. Ile tofauti ya bei inatokana na mwamba. Kwa lugha ya uchumi wa siasa, hilo ndilo pango: malipo yanayotokana na kumiliki au kutumia kipande cha maumbile ambacho hakiwezi kutengenezwa upya mahali pengine.

Swali linalofuata ni hili: pango hilo linakwenda kwa nani? Katika Raja Ampat, kwa desturi za Wapapua, ardhi na bahari ya karibu zina wenyewe, nao ni koo za wenyeji. Meli ikija na chakula chake, vitanda vyake na waongozaji wake, ikizamisha wageni wake kisha ikaondoka, mwenyeji hubaki ufukweni akitazama taa zake usiku. Meli imekuwa hoteli isiyo na jirani. Huo ndio mgongano wa msingi: mwamba haujongei na wenyewe hawajongei, bali chombo kinachovuna thamani yake huondoka na mavuno.

4. Wenyeji walipojipanga

Mgongano haukuachwa ulale. Mwaka 2007 wilaya ya Raja Ampat ilianzisha kibali cha kuingia, rupia 500,000 kwa mgeni wa nje, na baadaye kiwango kikafika rupia 1,000,000. Fedha hizo zilipangiwa doria za baharini, hifadhi na maendeleo ya vijiji. Wako wanaokiita kibali hicho mchango wa hisani. Sisi twasema hapana. Huko ni kumrudishia mwenye mwamba sehemu ya pango lake.

Jambo la pili ni sasi, desturi ya kufunga sehemu ya bahari kwa muda ili konokono wa bahari, majongoo bahari na kamba wakubwa wazaane, kisha kuifungua kwa makubaliano. Kijijini Kapatcol, kisiwani Misool, kikundi cha wanawake kina eneo lake cha sasi kinalolisimamia chenyewe. Taifa nalo lilifuata mkondo: mwaka 2014 Indonesia ilimlinda kisheria taa mkubwa aitwaye manta katika bahari yake yote.

Jambo la tatu ni nyumba za wageni za wanakijiji. Familia hujenga vibanda vya miti na makuti juu ya maji, hupika samaki wao, na vijana wao husomea uongozaji wa wazamiaji. Nyumba hizo sasa zimepita mia moja, na wenye nazo wana chama chao. Hapa pana tofauti kubwa. Apokeaye pango tu hungoja kugawiwa, lakini mwenye nyumba ameingia katika uzalishaji, naye huijua bei.

5. Tusirahisishe mambo

Mchambuzi makini hawezi kuishia kusema meli mbaya, kijiji kizuri. Meli haikati miti ya ufukweni ili kujenga hoteli, na macho ya mabaharia wake yamewahi kuwa msaada dhidi ya wavuvi wa baruti. Kijiji nacho, wageni wakizidi na taka zikikosa pa kwenda, huuchafua mwamba wake chenyewe.

Pia yako mambo yanayowazidi wote wawili. Machi 2017 meli ya watalii Caledonian Sky ilipanda mwamba karibu na Kri wakati wa maji kupwa. Makadirio ya kwanza ya uharibifu yalikuwa meta za mraba 1,600. Uchunguzi wa pamoja uliofuata ulitaja zaidi ya 18,000. Juni 2025, baada ya malalamiko makubwa ya umma, serikali ya Indonesia ilifuta leseni za kampuni nne kati ya tano za nikeli Raja Ampat, na ile ya kisiwa cha Gag ikaachwa iendelee. Udongo unaochimbuliwa huoshwa na mvua hadi baharini, ukafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Tena liko joto la bahari, ambalo huyafanya matumbawe yautapike mwani wake na kuwa meupe. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza tukio la nne la aina hiyo lililoenea dunia nzima. Dhidi ya joto hilo, kibali cha wilaya hakitoshi.

Hitimisho

Ndugu zetu wa Mafia, ambako hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1995, hawatahitaji maelezo marefu ili kuelewa habari hii. Kwa wengine wote tunatoa maswali matatu ya kujadili katika vikundi. Mgeni anapolipa, sehemu gani ya malipo inatokana na kazi, na sehemu gani inatokana na maumbile? Ile ya maumbile inapokewa na nani, na kwa uamuzi wa nani? Na watoto wa wenye mwamba wanafundishwa kuwa nini: watazamaji wa meli, vibarua wa meli, au wasimamizi wa bahari yao?

Kikundi kitakachoyajibu maswali hayo kwa kutazama ufuko wake chenyewe, kitakuwa kimelielewa somo la pango.